Mjane wa Nyati

Watu wa Makina, pale Kibra, wakikusimulia habari za Sitti huanzia siku mfupa ulipotoka mtoni, maana hapo ndipo kicheko kilipo. Wavivu wale. Habari za Sitti huanza na blanketi.

Mumewe aliitwa Abdulrahman, askari mstaafu wa Keya, lile jeshi la Mwingereza, mmoja wa Wanubi waliotunukiwa Kibra na serikali jinsi bwana anavyomtupia mpishi wake koti kuukuu: livae, lakini usisahau ni la nani. Alipigana vita vya Mjerumani, akapigwa risasi mguu wa kushoto, chini kidogo ya goti. Mfupa uliunga vibaya ukaacha nundu. Siku za baridi mguu ulimuuma hata akawa mkali kwa kila mtu, na Sitti alikuwa akikaa mkekani akiukanda kwa mafuta ya simsim, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka mkono wake ukaijua ile nundu kama unavyojua mlango wa nyumba yake gizani.

Basi asubuhi moja ya masika Abdulrahman aliaga kwamba anakwenda Kawangware kununua beberu. Njia ya Kawangware huvuka mto Motoine. Mvua ilinyesha kutwa, mto ukafurika, na bwana hakurudi. Kesho yake fimbo yake ilionekana imenasa kwenye matete karibu na kivuko. Wanaume walishinda wakichokoa maji kwa fito, na Fadul, mdogo wake Abdulrahman, aliingia mpaka kifuani akiita jina la kaka yake. Hawakupata hata kofia.

Wakati wao wako mtoni, Sitti alifungua sanduku la mumewe. Medali zake hazimo. Blanketi la kijivu la Keya nalo halimo. Sasa niambieni, mtu anayekwenda kununua mbuzi, blanketi la nini? Reli ya Uganda ilipita hapo hapo Kibra. Kule Bombo, upande wa Uganda, kulikuwa na mji mzima wa Wanubi, na miezi ile Abdulrahman alikuwa hamalizi chakula bila kuisifu Bombo, ndizi zake, ukarimu wake, wanawake wake. Sitti alifunga sanduku akakaa juu yake. Hakumwambia mtu, wala Fadul aliyerudi ametota na macho mekundu.

Midomo ya watu haikukaa kimya lakini. Wengine walisema kachukuliwa na maji, wengine walisema kachukuliwa na treni, na hao wa treni walisema kwa sauti ya chini Sitti akipita. Mwanamke aliyefiwa huletewa chakula na kukaliwa matanga. Aliyetorokwa huletewa maswali. Sheikh Taha wa msikitini, mtu mpole asiyependa makuu, alimweleza waziwazi kwamba bila maiti wala shahidi hawezi kumwita mjane. Kama anaamini mumewe yu hai na amemtelekeza, basi aende kwa kadhi, aseme hivyo, afunguliwe ndoa. Aende kwa kadhi aseme kwa kinywa chake, mbele ya makarani, kwamba ameachwa kwa uongo wa kununua mbuzi? Sitti alisema afadhali kufa. Akabaki hivyo hivyo, si mke si mjane, akisuka tabaga zake, vile vifuniko vya ukindu vya rangi ambavyo Wanubi hufunikia chakula. Kila aliyekuja kununua alimwuliza kama kuna habari.

Miaka ikapita. Mwaka mmoja masika yalikuja kwa hasira, ukingo wa Motoine ukamomonyoka pale kwenye kivuko. Vijana waliokwenda kuchimba udongo wa kukandikia nyumba wakaona mfupa mrefu umetokeza kwenye udongo, mweusi kidogo, ncha zote mbili zimevunjika. Mfupa, pale pale fimbo ilipookotwa. Wakamwita Fadul. Fadul alivua kanzu yake, akaufunga ndani, akaubeba mpaka kwa Sitti kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, na nusu ya Makina nyuma yake.

Sheikh Taha aliuliza kama kuna alama yoyote ya kumjua marehemu. Watu walimtazama Sitti. Alikaa mkekani, mahali pale pale alipokuwa akikaa zamani, akaupakata mfupa, akapitisha kidole gumba taratibu toka juu kushuka chini. Chini kidogo ya pale ambapo goti lingekuwa, kidole kilipanda juu ya nundu. Ukubwa ule ule, na kwa upande mmoja imechongoka vile vile. Aliona kwamba mfupa ni mzito, mzito kupita kiasi, na ni baridi kama jiwe la kusagia. Aliona, wallahi aliona. Lakini Haboba Mabrouka, ajuza aliyekuwa bibi wa kila mtu pale, alisema mifupa ya waliozama hunywa maji ikawa mizito, na neno hilo lilikuwa tamu, Sitti akalishika kwa mikono miwili.

"Ni yeye," alisema.

Fadul alilia mpaka akashikwa. Sitti naye alilia, na machozi yale hayakuwa ya uongo. Yalikuwa ya miaka mingi. Abdulrahman hakumtoroka. Alikuwa hapa hapa, chini ya matope, hatua chache kutoka nyumbani, wakati wale wenye midomo wakimpandisha treni. Hizo medali labda alizivaa ili akajivune mbele ya Wakikuyu wa Kawangware. Blanketi labda lilikuwa la kumfunika mbuzi mvua isimpige. Mtu akitaka kuamini hakosi la kujiambia.

Wakauosha mfupa kama wanavyoosha maiti. Fadul akanunua sanda, kitambaa kizuri cheupe, hakutaka msaada wa mtu. Wanaume wakasimama safu wakausalia, wakauzika katika makaburi ya Kibra, ukaelekezwa kibla. Sheikh Taha alimwambia Sitti kwamba eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, na kifo hiki ni cha zamani, kwa hiyo hana haja ya kukaa. Sitti alisema atakaa. Akavaa nguo nyeupe, akaacha wanja na manukato, akajifungia ndani miezi minne na siku kumi kama mjane yeyote. Ebo! Mwacheni akae. Tangu aolewe hakuwahi kuheshimiwa namna ile. Wanawake waliokuwa wakinong'ona habari za treni walileta kisra, ile mikate yao myembamba, na mchuzi, wakakaa miguuni pake, wakamwita maskini. Aliinyonya ile huruma yao kama mtoto anavyonyonya muwa, na mimi simlaumu.

Eda ilikuwa imefika katikati Simeon Ng'ang'a alipokuja.

Huyu Ng'ang'a alikuwa Mkikuyu Mkristo, mwenye shamba upande wa Kawangware, linaloshuka mpaka mtoni. Misimu kadhaa alikuwa amefuatana na mzungu mmoja wa mifupa, mtu wa makumbusho, kwenda Bonde la Ufa kutafuta mifupa ya kale iliyogeuka mawe. Alijifunza kazi hiyo akaipenda, na aliporudi nyumbani hakuacha kuchunguza kila korongo na kila ukingo uliobomoka. Hakuwa mtu mbaya. Sema tu alikuwa na ule ugonjwa wa watu wanaojua kitu, hawawezi kulala mpaka wakiseme.

Kwa kuwa Sitti alikuwa edani, haonekani na wanaume wa nje, Ng'ang'a aliwekewa kigoda nje ya pazia la mlango, Haboba Mabrouka akakaa kati akimtolea macho. Ng'ang'a alitoa pole zake kwa heshima, kisha akasema amesikia habari za mfupa, na kwamba yeye, wiki iliyopita, ametoa kipande kingine katika ukingo ule ule. Akamwomba ajuza akipitishe ndani. Mabrouka alikishika kwa ncha ya gurbaba, ile nguo yake ya kujitandia, kama mtu anayeshika panya.

Kilikuwa kifundo, kimeshikana na kipande cha mfupa kilichovunjika. Sitti alikipokea, akakigeuza, akakijua papo hapo, maana sikukuu zote za maisha yake amepika supu ya miguu ya ng'ombe, na ile mifereji miwili iliyozama ameisafisha kwa kisu mara zisizo na idadi. Binadamu hana kifundo kama hicho. Hata ng'ombe hana kikubwa namna hiyo.

"Mama, sikuja kukuchokoza," sauti ya Ng'ang'a ilisema nje ya pazia. "Gusa kwa ulimi pale palipovunjika. Jiwe tupu haling'ang'anii. Mfupa uliogeuka jiwe hung'ang'ania. Hiki ni cha mnyama aliyekufa kabla watu hawajaijua nchi hii. Na ule wenu ni mguu wake."

Mabrouka alimtukana. Alisema Mkristo amekuja kumlambisha mjane mifupa ya maiti. Wakati yeye anatukana huko nje, Sitti, nyuma ya pazia, asikoonekana na mtu, alikiinua kile kipande akakigusa kwa ncha ya ulimi. Kiling'ang'ania kama kigae kikavu. Ilibidi akivute.

Hapo alijua. Siyo kwamba hakujua kabla. Ila sasa ulimi wake pia ulijua, na hakubaki na kiungo cha kudanganya. Blanketi lilirudi, na medali, na treni. Akauliza kwa sauti ndogo ni nani mwingine aliyeambiwa. Ng'ang'a alisema bwana wake, yule mzungu wa makumbusho, amekiona kifundo, akauliza mguu uliobaki uko wapi.

"Na wewe ukamwambia."

"Nikamwambia."

"Mfupa mmoja, Ng'ang'a," Sitti alisema. "Ukingo mzima wachimbeni, mto wote wachukueni. Huo mmoja mngeniachia, mngepungukiwa nini?"

Ng'ang'a alikaa akizungusha kofia yake mikononi, kisha akasema bwana tayari amekwenda kwa DC kuomba ruhusa. Alipopewa kipande chake alikifuta kwa leso kwa uangalifu, akakitia mfukoni, akaaga. Sitti alimchukia kwa ule uangalifu kuliko kwa maneno yote aliyoyasema.

Mzungu alikuja na ruhusa ya serikali na askari wawili. Sheikh Taha alisema kama ni lazima kaburi lifunguliwe basi atalifungua yeye, si kafiri na sururu yake. Makina nzima ilimiminika. Sitti naye alitoka, eda au si eda, akasimama na nguo zake nyeupe upande wa wanawake. Hakuna aliyethubutu kumrudisha.

Wakautoa mfupa, wakaufunua sanda. Mzungu alipiga magoti pale chini na suruali yake nzuri, akautwaa kwa vidole vya upole, akapangusa ncha yake kwa brashi. Ng'ang'a alimpa kifundo. Mzungu akaweka ncha kwa ncha, akazungusha kidogo, vikashikana kama sufuria na kifuniko chake. Hata aliyesimama mbali aliona. Mguu ulikuwa wa kwato.

"Hii hapana mtu," mzungu alisema kwa Kiswahili chake cha shambani, na uso ulikuwa unamng'aa kama bwana arusi. "Hii nyama ya zamani sana, kama nyati, lakini kubwa kushinda nyati. Ona, mguu ilivunjika, halafu ikapona. Mzuri sana."

Alifurahia ile nundu kuliko kitu chochote. Alimwonyesha Ng'ang'a, akamwonyesha askari, akataka hata Sheikh Taha aishike. Halafu akatazama huku na huku akitafuta kitu cha kufungia asije akauvunja njiani, na kwa kuwa kitambaa laini kilikuwa pale pale, akaufunga tena katika sanda. Ile sanda ya Fadul. Akaiweka kwenye sanduku la mbao juu ya pamba, akashukuru watu wote, akaondoka nayo. Mnyama wa porini alipata kwenda mjini na sanda, na kaburi likabaki shimo tupu lililoelekea kibla.

Fadul ndiye aliyeubeba ule mfupa kifuani, aliyelia mbele za wanaume wenzake, na sasa alijiona alivyokuwa. Aibu ya mwanaume hutafuta mtu wa kubebeshwa, na Sitti alikuwa karibu.

"Umenifanya nimsalie ng'ombe," alimwambia, kwa sauti ya kusikika na wote. "Mkono wako haujui mfupa wa mumeo na mfupa wa mnyama."

Mtu mmoja nyuma alicheka puani. Wa pili akadakia. Wakati wa alasiri kicheko kilikuwa kimefika mtaa wa Laini Saba, na Sitti alikuwa na jina jipya: Mjane wa Nyati.

Sheikh Taha alikuja kwake, hakucheka, lakini naye alisema mkono umemdanganya, ndio udhaifu wa binadamu. Akamwambia avue nyeupe. Yeye si mjane. Ni mke wa mtu asiyejulikana alipo, na mlango wa kadhi bado uko wazi. Sitti alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia eda yake bado haijaisha. Sheikh alieleza tena, pole pole, kama anayemweleza mtoto. Sitti akajibu vile vile.

Akaimaliza. Siku zote zilizobaki alikaa peke yake katika nyeupe, na hakuna aliyeleta kisra. Wale wa kukaa miguuni pake walikuwa wamepata kitu kitamu zaidi cha kufanya. Mwenye bucha akikata nyama walisema, mpeni Sitti ashike kwanza atuambie ni nani. Watoto waliigiza mlio wa nyati nje ya dirisha lake. Lo, watu wana roho! Siku ya mwisho alioga, akafunga kanzu na kofia za Abdulrahman furushi moja, akampelekea Fadul mlangoni, akamwambia hivi ni vitu vya marehemu. Fadul alilipokea furushi. Tangu hapo kila aliyemwuliza Sitti habari za mumewe alijibiwa kwamba amekufa, na akasuka tabaga zake, na jina la nyati likamganda mpaka watu wapya waliohamia Kibra walidhani ni la ukoo.

Vita vya pili vilikuwa vimekwisha Abdulrahman aliposhuka kwenye treni.

Alikuwa mzee, amekonda, anakohoa. Bombo alioa, mke akafa, na watoto wa yule mke wakamchoka, wakampa nauli. Medali zilikuwa kifuani na blanketi la kijivu begani, limetoboka toboka. Fadul alimwangukia shingoni akalia kama alivyoulilia ule mfupa. Kisha akamwongoza mpaka kwa Sitti, na nusu ya Makina nyuma yao, kama siku ile.

Sheikh Taha, naye sasa mvi tupu, ndiye aliyesema. "Sitti, mumeo amerudi. Kilichopita kimepita. Mpokee."

Abdulrahman alisimama akitazama chini. Alisema njia ilikuwa ndefu na mguu unamuuma. Hayo tu, baada ya miaka yote ile: mguu unamuuma.

Sitti hakupiga kelele. Alitandika mkeka uani, akamwambia mgeni akae anyooshe mguu wa kushoto. Watu walitazamana, wengine wakaanza kutabasamu, wakidhani bibi wa mafuta ya simsim amelainika. Akakaa mahali pake. Akaweka mkono chini ya goti, akapitisha kidole gumba kushuka, taratibu. Nundu ilikuwa pale. Ukubwa ule ule, upande mmoja imechongoka. Mkono uliijua kabla yeye hajajua. Vidole vilianza kukanda vyenyewe, na Abdulrahman akafumba macho akashusha pumzi kama mtu aliyefika nyumbani. Ilimbidi Sitti auondoe mkono kwa nguvu.

"Si yeye," alisema.

Fadul alisema Sitti anachezea watu. Nundu hiyo hapo, kila mtu anaiona, aguse tena. Abdulrahman alifumbua macho akamwita Sitti kwa jina lake la utotoni, jina ambalo hakuna mwingine aliyekuwa hai aliyelijua.

Sitti alisimama akajifuta mkono kwenye gurbaba yake. "Ule wa kwanza nilishika nikasema ni yeye," aliwaambia, akimtazama Fadul. "Mkasema mkono huu haujui mfupa wa mume wangu na mfupa wa mnyama. Sasa nimeshika nasema si yeye, mnataka ujue. Mpelekeni kwa yule mzungu. Vya zamani anavitunza vizuri, anaviweka juu ya pamba."

Hakuna aliyecheka. Aliingia ndani akafunga mlango. Huko nje alimsikia Abdulrahman anakohoa, na Fadul anamwambia ainuke, pole pole, aegemee bega. Sitti alikaa juu ya sanduku, na mkono wake wa kulia uliendelea kukanda goti lake mwenyewe mpaka magharibi.